Kiganja cha Merina

Saa kumi na moja alfajiri mikono mia mbili ya chuma iliinua miiko mia mbili kwa wakati mmoja, ikakoroga mara tatu, ikatulia. Mvuke ulipanda hadi darini. Hakuna kilichosogea tena mpaka mwanamke mmoja mwenye kilemba cha buluu alipoingia kwa mlango wa wafanyakazi, akanawa mikono taratibu, akanyoosha kiganja cha kushoto.

Hilo ndilo lilikuwa Jiko Kuu la Chamwino Mpya. Katika jiji hilo hakuna aliyewasha moto nyumbani kwake. Kuni zilikwisha kabla babu zao hawajaoa, na mkaa watoto waliuona makumbusho, ndani ya kioo. Chakula chote kilipikwa mahali pamoja, kikasafiri kwa mirija chini ya barabara, kikatokea kwenye dirisha dogo ukutani mwa kila nyumba kikiwa bado cha moto. Tajiri na fukara walikula sufuria moja, na jiji lilijivunia jambo hilo hata likaliandika kwenye bendera yake.

Mikono ile iliitwa wapishi-chuma. Ilijua kukata kitunguu chembamba kuliko karatasi, na wali wake haukuungua ila pale mtu alipoomba ukoko. Jambo moja tu liliishinda, kujua kama chakula kimekolea. Chumvi hupimwa kwa mzani na moto kwa kipimajoto, lakini kukolea hakuna chombo chake. Kwa hiyo wahandisi walitafuta ulimi. Waliwajaribu wapishi arobaini wa shughuli, wakamchagua Merina Ndahani, aliyekuwa amepika harusi na misiba tangu ujana wake. Walimvisha shingoni mkufu-ladha, uzi wa fedha uliosoma mishipa ya ulimi na kupeleka habari kwenye kumbukumbu ya mitambo, ambayo wao waliiita Ulimi Mkuu. Merina alipita kati ya masufuria, mpishi-chuma akamdondoshea tone kiganjani, akalamba, na mtambo ukauliza, "Imekolea, Mama?" Alichokubali yeye, watu laki sita walikila kabla ya saa tatu.

Alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Asubuhi hii alikuwa ameshika bomba la ukutani kwa mkono wa kulia asianguke.

"Imekolea, Mama?"

"Ngoja kwanza," alisema Merina. "Kichwa kinaniuma."

Ilikuwa siku yake ya nne bila ugali.

Wiki iliyotangulia alikuwa ameitwa zahanati ya mtaa wake. Foleni ilifika hadi barabarani, akakaa juani akidhani kuna mlipuko wa homa. Daktari Zuhura Kipingu, mwanamke mwembamba asiyependa mzaha, alimchoma sindano ndogo mkononi na kumwekea ushanga-damu chini ya ngozi, kitu kidogo kuliko punje ya mtama, chenye kazi ya kupima sukari kila dakika na kumtumia daktari habari.

"Kisukari hakijaingia ndani, mama yangu," daktari alimwambia. "Kiko mlangoni. Kimeshapiga hodi."

"Na nisipokikaribisha?"

"Wapo waliokinyamazia kikaenda zake. Lakini lazima tupunguze wanga. Ugali, wali, chapati, viazi, chai ya sukari. Ule mboga, mayai, nyama, samaki. Na wiki mbili za mwanzo zitakuchosha, nakwambia mapema usije ukanilaumu."

Akamweleza bila haraka. Mwili huweka akiba ya sukari kwenye ini na misuli, na akiba hiyo hukaa pamoja na maji mengi. Wanga ukikatwa, akiba huisha siku moja au mbili, na yale maji hutoka yakibeba chumvi. "Ndiyo maana utakojoa sana. Kichwa kitauma, utaona kizunguzungu ukisimama ghafla, misuli ya miguu itakubana. Usidhani unakufa. Kunywa maji na supu yenye chumvi kidogo, presha yako inaruhusu. Baada ya hapo mwili unajifunza kuchoma mafuta badala ya sukari. Na mwili wa mtu wa miaka hamsini na nane ni mwanafunzi mzito."

Merina hakubisha. Alijua kisukari kinafanya nini kikishaingia, maana kilikuwa kimeingia nyumbani kwake. Mwaka uliopita kilimchukulia mumewe, Yona Mbeleje, mguu wa kulia chini ya goti. Yona alikuwa mchimba visima, mtu aliyetembea Dodoma nzima akitafuta maji, na sasa alishinda kwenye kiti karibu na dirisha la chakula. Merina aliogopa. Hakuogopa kufa. Aliogopa wawe wawili ndani ya nyumba ile, kila mmoja akimsubiri mwenzake amletee maji ya kunywa.

Basi akaanza. Siku ya pili aliamka mara tano kwenda chooni. Siku ya nne ndiyo hiyo ya kichwa. Siku ya sita alimwambia mpishi-chuma namba kumi na nane, "Unaniuliza mimi? Kwani wewe huna macho?" na mpishi-chuma akajibu kwa adabu, "Sina, Mama." Mashavu ya miguu yalimkaza hata akawa anapanda ngazi kwa kutanguliza mguu mmoja. Mdomo ulimnuka kitu kama tunda lililolala. Kila kitu kilikuwa mbali. Sabuni ilikuwa mbali, viatu vilikuwa mbali, na kazi ya kuvaa kilemba ilihitaji kupumzika katikati.

Nyumbani alibonyeza kitufe cha wagonjwa, dirisha likamtolea mlenda, mayai mawili na kipande cha nyama. Mlenda bila ugali hauna pa kushikia. Alichukua kijiko.

"Mgogo anakula mlenda kwa kijiko," alisema Yona kutoka kwenye kiti chake. "Wazee wangekuona wangekutoza mbuzi."

"Waje wanitoze, Baba Nyemo. Mbuzi huyo nitamla mimi, ameruhusiwa."

Yona alicheka, akanyanyua kikombe chake. Mguu ulikuwa umekatwa lakini chai hakuiacha. Kitufe cha wagonjwa hakukigusa hata siku moja. Daktari alimkanya, binti yao Nyemo alimkanya kila Jumapili kwa simu kutoka kituo cha mwezini alikofanya kazi ya ufundi, na Merina naye alimkanya mpaka akachoka. Jibu lake lilikuwa moja. "Chai hii imepita kwenye kiganja cha mke wangu. Haiwezi kuniua."

Wiki ya pili daktari Zuhura alitokea kwenye kioo cha ukutani, uso umekunjwa.

"Mama yangu, tusidanganyane. Ushanga unaniambia sukari inapanda kila siku kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili. Unakula nini?"

"Sili kitu. Nakuwa kazini."

"Kazi gani?"

"Naonja."

"Unaonja sufuria ngapi?"

"Mia mbili. Nyingine mara mbili. Lakini kuonja si kula, daktari."

Alisema kweli yake. Muulize mpishi yeyote wa shughuli, toka Kigoma hadi Kilwa, jioni akirudi kwake amejaa mvuke na moshi, atakuapia kwamba hajatia kitu kinywani tangu asubuhi. Kinachopita kiganjani hakihesabiwi. Merina alikuwa amelamba uji, wali wa nazi, chai, maharage ya sukari na urojo wa maandazi alfajiri zote za miaka kumi na mmoja, na moyoni alikuwa mtu anayeanza kula saa nne.

Daktari alifumba macho kidogo. "Mama yangu mzazi akifunga Ramadhani anaonja mchuzi kwa ncha ya ulimi, kisha anatema. Mwezi mzima. Nawe fanya hivyo."

"Nyie mnatema kwa ibada. Mimi Mwanglikana nitatemea nini?"

"Utatemea miguu yako," alisema daktari, na kioo kikazimika.

Bibi yake Merina alikuwa amemfundisha kwamba chakula hakitemwi. Nchi yao ni nchi ya njaa. Unayemtema leo utamtafuta kesho kwa machozi, ndivyo alivyosema, kana kwamba chakula ni mtu. Kesho yake Merina alikuja kazini na kikombe cha bati. Alilamba uji, akasubiri mkufu usome, akageuza uso ukutani na kutema. Alilia kwenye sufuria ya tatu. Mikono ya chuma ilimsubiri amalize.

Siku zikaenda. Katikati ya wiki ya tatu aliamka na kukuta kichwa chepesi. Alipanda ngazi za Jiko Kuu na kufika juu kabla hajakumbuka kuchoka. Ushanga ulionyesha sukari imeshuka, ikashuka tena, na daktari akamwandikia maneno mawili tu: "Mlango umefungwa." Uchovu haukuisha wote, ila ulikuwa sasa uchovu wa kawaida, wa mtu wa umri wake aliyefanya kazi.

Asubuhi hiyo alifika sufuria ya chai, akalamba, akashtuka.

"Imekolea, Mama?"

"Imezidi."

"Kipimo ni kile cha jana, Mama."

"Nimesema imezidi. Punguza."

Mpishi-chuma akapunguza, kwani hakuumbwa kubishana na kiganja. Kesho yake alipunguza tena, na keshokutwa. Maandazi yalikuwa yanamchoma ulimi kwa utamu, akapunguza. Kwenye maharage alikuta ladha ya maharage yenyewe, ladha ya udongo kidogo, akashangaa ilikuwa wapi miaka yote hiyo. Merina hakuwa na nia ya kumbadilishia mtu chakula. Aliulizwa, akajibu alichokisikia.

Wiki ya tano jiji likanung'unika. Ukuta wa maoni nje ya Jiko Kuu ulijaa maandishi ya mwanga: chai ya msibani, maandazi ya gerezani, mmetuonea nini. Watu elfu thelathini waliweka majina yao kwenye malalamiko. Hata Yona alisukuma kikombe pembeni.

"Mama Nyemo, siku hizi unapika kwa hasira?"

"Mimi sipiki."

"Basi unaonja kwa hasira. Mkono wako siuoni humu."

Ndipo Injinia Shija Malugu alipomwita ofisini. Shija ndiye aliyeusimamia Ulimi Mkuu, kijana wa Kisukuma mwenye heshima zake, na macho yake siku hiyo yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umenitafutia kosa?"

"Nimelitafuta kwenye mtambo siku nne. Mtambo mzima. Mkufu mzima. Nikatoa kumbukumbu zote tangu siku ya kwanza, nikazipanga." Akawasha kioo. Mstari mwekundu ulichorwa kutoka kushoto kwenda kulia, ukipanda polepole, kisha mwishoni ukaanguka ghafla. "Pale unapoanguka ni wiki mbili hizi. Hapo ndipo watu wanapolalamikia."

Merina hakutazama pale ulipoanguka. "Na huku kote unapopanda ni nini?"

"Sukari kwa kikombe cha chai."

"Toka lini?"

"Toka ulipoanza kazi. Mwaka wa kwanza kijiko kimoja na nusu. Mwaka huu, kabla haujaanguka, vijiko vinne."

"Nani aliongeza?"

Shija alisugua macho. "Hakuna aliyeongeza, Mama. Kila ukiambiwa uonje ulisema haijakolea, mtambo ukaongeza punje. Miaka yote punje. Sisi tuliona, tukajua ndivyo watu wanavyopenda, maana hakuna aliyelalamika. Ndimi zao zilikuwa zinapanda pamoja na wako."

Merina aliketi. Alielewa bila kuelezwa zaidi. Ulimi uliozoeshwa sukari hupungukiwa masikio, unataka uambiwe kwa sauti kubwa zaidi. Wake ulizibwa kidogo kidogo kwa kulamba masufuria mia mbili kila alfajiri, na kila ulipozibwa aliomba zaidi, na alichoomba kilipita kwenye mirija hadi vinywa laki sita. Akaikumbuka foleni ya zahanati iliyofika barabarani. Akamkumbuka Yona, akiwa kwenye kiti chake, kikombe mkononi, akisema haiwezi kuniua.

"Mguu wa mume wangu," alisema.

"Mama, huo huwezi kujua. Kisukari kina mambo mengi. Ukoo, umri..."

"Najua kina mambo mengi. Mojawapo nimelitia mimi."

Shija akasema alichotumwa. Wakubwa walikuwa wameamua kurudisha kumbukumbu ya ulimi wake wa mwaka uliopita, kabla ya mlo wa daktari. Masufuria yangeonjwa na ulimi huo wa zamani na watu wangetulia. Merina angestaafu kwa heshima, jina lake lingeandikwa ukutani. Lakini sheria ya jiji ilisema ulimi ni wa mwenyewe, hivyo ilibidi aweke kiganja kwenye karatasi-mwanga kukubali. "Wameshaanza kuujaribu leo, kwa siku moja, sheria inaruhusu. Wanataka jibu lako kesho asubuhi."

"Wewe wasemaje?"

"Mimi nimetumwa, Mama."

Alirudi nyumbani kwa miguu, saa tisa mchana, jua likiwa kali. Njiani watu wawili walimsimamisha kumshukuru kwa chai ya leo. Aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amechoka kuliko ile siku ya nne, na safari hii hakukuwa na supu ya kumsaidia. Ingekuwa rahisi sana kuweka kiganja. Angepumzika. Asingeamka tena alfajiri, na kila mtu angemsifu.

Yona alikuwa na kikombe mkononi na uso umemng'aa.

"Leo umerudi," alisema. "Leo nimekuona humu ndani. Imekolea, Mama Nyemo. Sijui ulikuwa umeenda wapi."

Merina alimpokonya kikombe, akajimiminia tone kiganjani, akalamba. Utamu ulimfunga koo. Chini yake hapakuwa na majani wala tangawizi, sukari tupu imesimama peke yake. Akatema kwenye beseni, mbele ya mumewe, bila kugeuza uso.

Halafu akaketi sakafuni karibu na mguu uliobaki na kumwambia yote: mstari mwekundu, kijiko na nusu, vijiko vinne, punje kwa punje. Hakujitetea.

Yona aliangalia pale mguu ulipoishia.

"Ungejua?"

"Ningejuaje? Ulimi ulikuwa ndio huo huo niliokuwa nao."

"Mimi niliambiwa," alisema Yona. "Daktari aliniambia, Nyemo akaniambia, wewe ukaniambia. Nikasema ni chai ya mke wangu. Basi tusigombee mguu mmoja. Tumeula wote." Alivuta pumzi. "Kiganja hicho umeshaweka?"

"Bado."

"Usiweke."

"Watu watatuchukia."

"Watuchukie. Mimi siendi popote, watanikuta hapa."

Kesho yake asubuhi Merina alimpigia Shija na kumwambia hapana. Ulimi ule wa zamani ulikuwa mgonjwa na hautumiwi tena. Alitarajia kugombezwa. Shija alikohoa tu.

"Nimekusikia, Mama. Basi itabidi tutafute ulimi mwingine. Kuupima na kuufundisha mtambo huchukua miezi minane, siwezi kuharakisha. Mpaka wakati huo jiji litakula kwa ulimi wako wa sasa." Kisha akauliza, "Daktari wako alisema ulimi huzoea kwa muda gani?"

"Wangu ulichukua wiki tatu."

"Haya, Mama. Mimi naandika miezi minane."

Merina alivaa kilemba, akaenda kazini, akapita masufuria yote mia mbili na kikombe chake cha bati. Penye chai alilamba, akafikiri, akasema imezidi. Ukuta wa maoni ulikuwa unamtukana alipotoka, akausoma wote, maana aliona anastahili kuusoma.

Saa nne alikuwa nyumbani. Dirisha lililia kengele, likatoa vikombe viwili, cha Merina kikiwa bila sukari. Yona akakishika chake kwa mikono yote miwili, akanywa funda kubwa na kukunja uso.

"Imekolea?" Merina aliuliza.

"Haijakolea hata kidogo," alisema Yona.

Akanywa funda la pili, akakunja uso tena, na akaendelea kunywa mpaka ikaisha. Kisha akamnyooshea kikombe amwongezee.